KIBABA CHA UDONGO WA SINGIDA

Katika miaka hii ya karibuni limezuka vijijini mwa Tanzania Bara neno jipya la biashara, nalo ni kaboni. Mwanakijiji aliyezoea kuuza mtama, alizeti, asali na kuku, sasa anaelezwa kwamba anaweza pia kuuza kitu kisichoonekana kwa macho wala kupimwa kwa mizani ya sokoni, yaani hewa ya ukaa iliyofungwa katika miti na katika udongo. Serikali ya Jamhuri ya Muungano ilitoa kanuni za kuisimamia biashara hiyo mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Huko Longido na Monduli, mkoani Arusha, vijiji vya wafugaji vimekwisha kuletewa mikataba inayohusu kaboni iliyomo katika udongo wa malisho.

Hatuna ugomvi na biashara ya halali. Lakini muuzaji hana budi kuijua ghala yake kabla ya kutia saini ya kuuza. Swali linalopasa kuulizwa mapema ni hili: udongo unaweza kushika kaboni kiasi gani, na ukishafika kikomo chake kunatokea nini? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kuutazama Mkoa wa Singida, kwa sababu mkoa huo ni mfano mzuri wa nchi ya wastani, yenye mvua chache, udongo mwepesi na watu wenye bidii.

Ndugu msomaji wa Unguja au Pemba aweza kusema: Singida iko mbali na bahari, mimi inanihusu nini? Inamhusu sana. Hewa ya ukaa inayozidi angani ndiyo inayoongeza joto la dunia na kuinua maji ya bahari, na mkaazi wa kisiwani ni miongoni mwa watu wa kwanza kuyaona maji ya chumvi yakiingia katika bonde lake la mpunga, kama ilivyotokea katika mabonde kadhaa ya Pemba. Basi ikiwa mataifa yenye viwanda yanasema kwamba moshi wao utamezwa na udongo wa Afrika, mkaazi wa kisiwani ana haki ya kujua kama neno hilo lina ukweli, na ukweli wake unaishia wapi.

NCHI YA MAJABALI NA KICHANGA

Singida ni nyanda za juu za katikati ya nchi. Msafiri aingiapo mjini huona majabali makubwa ya matale, na kando yake maziwa ya Singidani na Kindai. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, aghalabu kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na katika sehemu nyingi za mkoa hupatikana milimita 600 hadi 800 kwa mwaka. Miezi inayobaki ni ya jua na upepo. Wanyaturu, Wanyiramba, Wagogo na makabila mengine wamejifunza kuishi na hali hiyo kwa kulima uwele, mtama na alizeti, na kwa kufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Majabali hayo ndiyo mama wa udongo wa sehemu kubwa ya mkoa. Jabali la aina hiyo likivunjika kwa karne nyingi huacha mchanga mwingi na chembe laini chache. Mtaalamu mmoja wa udongo, G. Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, alieleza mwaka 1935 kwamba katika nyanda za Afrika ya Mashariki udongo hubadilika kwa utaratibu kutoka mlimani kwenda bondeni: mwekundu juu, wa kijivu wenye mchanga katikati, na mweusi wa mfinyanzi katika mbuga za chini. Utaratibu huo aliupa jina la Kilatini, katena, yaani mnyororo, na jina hilo linatumiwa na wataalamu wa dunia nzima hadi leo. Mkulima wa Singida alikuwa akiujua mnyororo huo kabla ya kuja kwa wataalamu, kwa maana hakupata kupanda mbugani mbegu aliyoipanda kilimani bila ya kufikiri.

Vivyo hivyo mkulima wa Visiwani. Yeye husema kinongo, kichanga, kinamo na uwanda, na kila jina linamweleza zao gani litamea na maji yatakaa muda gani. Majina hayo yana siri nyingine ndani yake, nayo ni kiasi cha kaboni ambacho udongo huo unaweza kukishika.

KIBABA NA PISHI

Kaboni huingia udongoni kwa njia ya mimea. Jani huvuta hewa ya ukaa, mmea hukua, kisha mizizi, majani, mabua na kinyesi cha mnyama aliyeula mmea ule hurudi ardhini. Humo vijidudu huvila vitu hivyo. Sehemu kubwa hurudi angani wanapopumua, na sehemu ndogo hugeuka mboji, ile nyeusi inayoupa udongo rutuba na uwezo wa kushika maji. Mboji hiyo kwa jumla ni kaboni kwa zaidi ya nusu ya uzito wake.

Lakini mboji haikai ovyo ovyo. Ile inayodumu miaka mingi ni ile iliyojibandika juu ya chembe laini za mfinyanzi na tope, au iliyojificha ndani ya mabonge madogo ya udongo ambamo vijidudu hawaifikii. Chembe ya mchanga ni kubwa na nyonge kwa kazi hiyo. Mboji huipita kama maji yapitavyo katika kokoto. Kwa hiyo udongo wa mfinyanzi ni mfano wa pishi na udongo wa kichanga ni mfano wa kibaba. Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini kibaba kikishajaa, kinachoongezwa juu yake humwagika.

Mtaalamu wa Uholanzi, J. Hassink, alilipima jambo hili na kutoa matokeo yake mwaka 1997. Aliona kwamba kiasi cha kaboni kilichobandikwa kwenye chembe laini hutegemea wingi wa chembe hizo zenyewe. Kwa mujibu wa kanuni yake, udongo wenye chembe laini 15 katika kila mia unaweza kubandika kiasi cha gramu 10 za kaboni katika kila kilo moja ya udongo. Wenye chembe laini 50 katika mia huweza kubandika gramu 22 hadi 23. Tangu wakati huo wataalamu wamekuwa wakibishana kama dari hilo ni gumu au linaweza kusogea kidogo. Hawabishani, hata hivyo, juu ya jambo la msingi, kwamba mchanga hauwezi kufanya kazi ya mfinyanzi, na kwamba kadiri udongo unavyokaribia kujaa ndivyo unavyopokea polepole.

KIBABA KINACHOVUJA

Fauka ya hayo, kibaba cha Singida kinavuja. Joto linapozidi, vijidudu hula kwa haraka zaidi. Plau inapoyapasua mabonge ya udongo, mboji iliyojificha huwekwa wazi. Baada ya mavuno mifugo huingia mashambani na kula mabua, mchwa humaliza yaliyobaki, na mahali pengine moto hupitishwa. Mvua ya kwanza ikinyesha juu ya ardhi iliyo uchi, huchukua udongo wa juu, ambao ndio wenye mboji nyingi.

Ushahidi wa jambo hili haukutoka kwa mtu mmoja wala nchi moja. Huko Rothamsted, Uingereza, kuna shamba la shayiri liitwalo Hoosfield ambalo kipande chake kimoja kimewekwa samadi tani 35 kwa hekta kila mwaka tangu 1852. Kaboni ya udongo ilipanda upesi katika miaka ya mwanzo, kisha mwendo ukapungua, na baada ya zaidi ya karne moja ilikuwa ikipanda kwa hatua ndogo sana, ingawa samadi ni ile ile. Kipande cha pili kiliwekwa samadi kwa miaka 20 tu, kutoka 1852 hadi 1871, kisha kikaachwa. Kaboni yake imekuwa ikishuka tangu hapo. Basi tunayo mafunzo mawili katika shamba moja: anayejaza hufika kikomo, na anayeacha kujaza hupoteza.

Huko ni Ulaya kwenye baridi. Karibu na kwetu, katika kituo cha Kabete karibu na Nairobi, jaribio la mahindi na maharage lilianzishwa mwaka 1976 juu ya udongo mwekundu wa mfinyanzi. Baada ya miaka 18 ilionekana kwamba kaboni ya udongo ilikuwa imeshuka katika vipande vyote. Hata vile vilivyopewa samadi tani 10 kwa hekta, pamoja na mbolea ya viwandani na mabua yaliyorudishwa shambani, vilishuka, ingawa kwa mwendo mdogo kuliko vilivyonyimwa. Ikiwa pishi la Kabete, lenye mvua nzuri kuliko Singida, lilivuja hivyo, tutegemee nini kwa kibaba cha kichanga?

HESABU YA HEKTA MOJA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tufungue daftari. Tuchukue mfano wa hekta moja ya udongo mwepesi, kwa kina cha sentimita 30. Meta moja ya ujazo ya udongo huo ukiwa mkavu huwa na uzito wa kiasi cha tani moja na nusu, kwa hiyo hekta nzima ni tani 4,500. Tuseme kaboni yake ni sehemu 5 katika elfu, kama ilivyo kwa mashamba mengi yaliyochoka. Hiyo ni tani 22.5 za kaboni.

Mwaka 2015, wakati wa mkutano wa dunia juu ya hali ya hewa mjini Paris, Serikali ya Ufaransa ilizindua mwito wa kuongeza kaboni ya udongo kwa sehemu nne katika kila elfu kila mwaka. Kwa hekta yetu hiyo, sehemu nne katika elfu ni kilo 90 tu za kaboni kwa mwaka. Mwaka 2018 wataalamu wa Rothamsted waliyapitia majaribio 16 ya miaka mingi na kukuta kwamba kiwango hicho kilifikiwa katika sehemu kubwa ya vipande, lakini mara nyingi kwa njia ambazo mkulima wa kawaida hawezi kuzimudu, ama kwa kukosa samadi ya kutosha, ama kwa kulazimika kuacha kulima chakula.

Sasa tuwe wakarimu. Tuseme mkulima wetu, kwa juhudi ya miaka 30, ameipandisha kaboni kutoka sehemu 5 hadi sehemu 8 katika elfu. Hiyo ni nyongeza ya tani 13.5 za kaboni, sawa na tani 50 hivi za hewa ya ukaa. Tukizigawa kwa miaka 30 tunapata kiasi cha kilo 1,650 kwa mwaka. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa zaidi ya kilo mbili za hewa hiyo. Maana yake ni kwamba kazi ya mwaka mzima ya hekta hiyo inafuta moshi wa lita 700 hivi za petroli, na ikifika mwaka wa 31, udongo ukiwa umekaribia kikomo, haifuti tena kitu. Gari, kwa upande wake, litakuwa bado linakwenda.

Hesabu haijaisha. Mboji haijengwi kwa kaboni peke yake, bali huhitaji pia nitrojeni na fosforasi. Kwa kila tani moja ya kaboni iliyotulia katika mboji huhitajika kiasi cha kilo 80 za nitrojeni. Kwa tani 13.5 ni kilo 1,080, ambazo ni sawa na nitrojeni iliyomo katika mifuko 47 ya urea ya kilo 50. Kunde, choroko na miti ya jamii ya kunde inaweza kuleta sehemu yake kutoka hewani, lakini si bure, kwa sababu nayo inahitaji mvua, nafasi na wakati. Anayemwambia mkulima kwamba kaboni ni fedha iliyolala tu ardhini amemficha upande wa pili wa daftari.

SAMADI YA WANYATURU

Wanyaturu walilitambua jambo hili kwa njia yao. Mtaalamu wa Kimarekani Harold Schneider, katika kitabu alichokitoa mwaka 1970 juu ya uchumi wao, alieleza jinsi kilimo chao cha nafaka kilivyoegemea samadi ya ng'ombe. Mwenye zizi alikuwa na shamba, na mwenye shamba bila zizi aliona mavuno yake yakipungua. Huo ulikuwa utaratibu wa busara katika nchi ya kichanga: badala ya kuirutubisha ardhi yote kidogo kidogo, waliikusanya rutuba karibu na nyumba na kuirudisha kila mwaka.

Lakini tutambue kilichokuwa kikifanyika. Ng'ombe mmoja wa kienyeji huweza kuacha zizini kiasi cha tani moja ya samadi kavu kwa mwaka. Tani 10 kwa hekta zinahitaji ng'ombe 10, na ng'ombe hao hula nyasi za hekta nyingi za malisho. Kwa hiyo kaboni iliyoingia shambani imetoka malishoni. Kuihamisha si kuiongeza. Ikiwa mpimaji atachukua udongo wa shamba la karibu na zizi peke yake, ataandika faida kubwa. Akipima na malisho yaliyolishwa hadi kubaki vumbi, huenda asione faida yoyote.

Kadhalika, mtu yeyote aliyepita katika mahame anajua kwamba mahali palipokuwa na zizi hubaki peusi na penye rutuba kwa miaka mingi, kisha rangi hupauka pole pole. Katika miaka ya 1970, nchi ilipohamia vijijini, kaya nyingi ziliacha mashamba ya namna hiyo nyuma yao. Ardhi ile haikufanya kosa lolote. Iliyakosa makapu ya samadi ya kila mwaka, na ikafuata kanuni ile ile iliyoonekana Hoosfield.

MKATABA USIOJUA KIKOMO

Hapa ndipo viongozi wetu wanapotakiwa kuwa macho. Mikataba ya kaboni hufungwa kwa makumi ya miaka. Kijana wa leo atakuwa babu kabla mkataba haujaisha. Ikiwa udongo utajaa katika nusu ya muda huo, au ukame wa miaka miwili ukaipeleka mboji angani, kijiji kitakuwa kimefungwa na masharti ya malisho na kilimo ilhali malipo yamekwisha.

Wenzetu wa Kenya wametangulia, na tuna la kujifunza. Magharibi mwa nchi hiyo, mradi uliolenga wakulima 60,000 katika hekta 45,000 ulipata mwaka 2014 vyeti vyake vya kwanza vya kaboni ya udongo, tani 24,788 za hewa ya ukaa. Ilikuwa hatua ya sifa, lakini kwa kulinganisha na idadi ya watu na ukubwa wa ardhi, msomaji ataona mwenyewe kwamba fungu la kila mmoja haliwezi kuwa kubwa. Faida ya kweli ya mkulima ilikuwa shambani kwake, katika mavuno. Kaskazini mwa Kenya mambo yalikuwa magumu zaidi. Mradi mkubwa wa kaboni ya udongo wa malisho ulisimamishiwa vyeti mwaka 2023 na shirika la Verra ili uchunguzwe, na Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi ya Biliqo Bulesa, iliyokuwa ndani ya eneo la mradi, na ile ya Cherab zilianzishwa kinyume cha sheria. Udongo una kikomo, na haki ya mwenye ardhi nayo ina mipaka isiyovukwa.

YATUPASAYO

Je, tuseme basi kwamba kazi ya kurudisha mboji haina maana? Hasha! Sehemu tatu katika elfu ambazo hazitoshi kuufuta moshi wa Ulaya zinatosha kabisa kumsaidia mkulima wa Iramba, Mkalama au Ikungi. Kichanga chenye mboji hushika maji baada ya mvua kukatika, hushika mbolea isipotee, na hustahimili jembe. Mboji na irudishwe kwa ajili ya uwele na alizeti, na kaboni itakayokaa ihesabiwe kuwa nyongeza. Yafuatayo tunayaona kuwa ya lazima.

Kwanza, kabla kijiji hakijatia saini, udongo upimwe kwa kina, pamoja na wingi wa chembe zake laini, na malisho yapimwe pamoja na mashamba. Kituo cha udongo cha Mlingano, Tanga, na Chuo Kikuu cha Sokoine vina wataalamu wa kazi hiyo. Pili, mkataba uandikwe kwa Kiswahili chepesi na useme wazi itakuwaje udongo ukijaa, na itakuwaje ukame ukija. Tatu, wakulima wasaidiwe mikokoteni ya kubebea samadi, na serikali za vijiji zitunge sheria ndogo za kuhifadhi sehemu ya mabua shambani. Nne, na hili ni kubwa kuliko yote, kilichokwisha kuhifadhiwa kisipotee. Ni rahisi kuilinda kaboni ya karne nyingi kuliko kuirudisha. Mwaka 1995 vijiji vitano vya Singida vilianza kuusimamia wenyewe msitu wa Mgori, wenye zaidi ya hekta 40,000, na kuonyesha kwamba wananchi wanaweza kuwa walinzi. Kichaka cha Itigi, huko Manyoni, na mbuga za mfinyanzi zinastahili ulinzi kama huo.

Kwa upande wa Visiwani, liko ghala ambalo Singida haina. Tope la mikoko hufunikwa na maji kila siku, na mahali pasipo na hewa vijidudu hula polepole mno, hivyo kaboni hujikusanya kwa karne nyingi. Kila mkoko unaokatwa Pemba au katika Ghuba ya Chwaka kwa ajili ya makaa na chokaa unaifungua ghala hiyo. Kuulinda mkoko ni kuilinda kaboni na kuulinda ufuo kwa wakati mmoja.

Mwisho, tuwaambie wenye viwanda ukweli bila haya. Makaa na mafuta yaliyochimbwa chini kabisa ya ardhi hayawezi kurudishwa yote katika sentimita 30 za juu, ambazo mkulima anazitumia kupata chakula cha watoto wake. Udongo wa dunia una kaboni nyingi, kiasi cha tani bilioni 1,500 katika meta moja ya kwanza, na kazi yetu ya kwanza ni kuhakikisha kwamba haipungui. Moshi upunguzwe kule unakotoka. Singida itakijaza kibaba chake kwa samadi, kwa kunde na kwa jasho, nacho ni kibaba cha chakula cha wana wa Singida. Asitokee mtu wa kukipima kwa pishi la tamaa yake.